Sahani Mbili za Kirewa

Benchi la kahawa la Maggie, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka wa Busia, lilikuwa na wenyewe mwaka ule wa sitini na sita: Jared, aliyeitwa Hakimu kwa kuhukumu kila kitu, na Oriokot, waliyemwita Gazeti, ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Katikati yao alikaa Ojiambo, kikombe kimempoa mkononi. Jumamosi alikwenda Kirewa, ng'ambo ya Uganda, kuposa, akisindikizwa na rafiki yake Phanuel. Mposaji hatafuni mbele ya mama mkwe, na sahani ikirudi imejaa ni matusi, basi msindikizaji ndiye hula. Phanuel alikula yake, akala na ya Ojiambo. Usiku tumbo likamfura, likawa gumu kama ngoma. Jumapili alifia Tororo hospitalini, na jana walimzika.

— Ile ni sumu, alisema Gazeti. Watu ya Kirewa mimi nawajua.

— Daktari amesema hakuna sumu, alijibu Hakimu. Tumbo lilijaa kupita kiasi, likashindwa kusukuma chakula. Si kawaida, lakini huua.

— Daktari gani huyo? Mtu nakufa na njaa, hapana na shibe.

— Basi sikiliza. Asubuhi alikunywa chai Kenya, mchana akala kuku Uganda. Vimekutana tumboni bila pasi.

— Na kuku yenyewe ilikuwa jogoo. Jogoo hapana kubali kulala.

Maggie alitaka kucheka, akamtazama Ojiambo, akaacha. Ojiambo alikuwa akisikia sauti moja tu, ya Phanuel akimnong'oneza pale mezani: "Lete na yako, ndugu yangu, usiaibike." Na yeye akaisukuma sahani. Moyoni alikwishajihukumu kwamba amemuua rafiki aliyempenda kuliko wote.

Hapo akatokea Mama Felistus, mzazi wa Phanuel, kajifunga kaniki. Wote wakasimama. Ojiambo aliinamisha kichwa, akingoja kuulizwa habari za ile sahani.

Mama alimtazama sana, kisha akawageukia wale wawili waliokaa naye.

— Huyu mtoto amekula lini?

  Tangu asubuhi Hakimu na Gazeti walikuwa wakizungumza habari za tumbo, na hakuna aliyejua. Ojiambo mwenyewe alifungua mdomo ajibu, kilio kikamtoka.

Mama Felistus akamshika mkono.

— Twende nyumbani, baba. Nitakupakulia kidogo tu.