Pini ya Mzee Wangwe Imepata Mkono

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mzee Nicanor Wangwe anakabidhi ufunguo wa boti inayovusha wagonjwa wetu kutoka kisiwa cha Mfangano hadi Mbita. Ufunguo atauacha. Tabia ya kuwapangia watu mahali pa kuketi, hiyo ataondoka nayo.

Alianza mwaka 1997 akiwa mlinzi wa geti la kituo chetu cha afya. Nahodha wa wakati huo alipougua, Wangwe aliombwa ashike injini kwa wiki moja tu. Wiki hiyo inaisha mwezi huu.

Wengi wetu tulidhani mwendo wa boti ni petroli. Yeye alijua siri iko kwenye pini, chuma kifupi kinachopita katika matundu ya mabano ya injini na kuamua injini ilale vipi. Ukiiweka karibu mno na boti, pua inazama na abiria wanaoga bila kupenda. Ukiisogeza nje mno, boti inarukaruka kama mwanambuzi. Kabla ya kila safari Wangwe alitazama upepo, akatazama mzigo, akawatazama watu kiuno hadi kisigino bila haya, ndipo akachagua tundu. Afisa mmoja mnene kutoka Homa Bay alihamishwa mara tatu kabla boti haijaondoka. Siku hizi hupiga simu kwanza kuuliza nani yuko zamu.

Kuteleza si kuanguka, na yeye pia aliteleza. Mwaka 2009 boti ilianza kuruka na kunywa petroli kupita kiasi. Injini ikafungwa kamba, ikapelekwa hadi kwa fundi Migori, ikafunguliwa yote, ikarudi bila ugonjwa. Kumbe Wangwe mwenyewe, akiisafisha, alikuwa ameacha pini kwenye tundu la mwisho. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliungama mbele ya mkutano wa wafanyakazi, na amekuwa akiirudia hadithi hiyo kwa kila mgeni tangu hapo.

Mwaka jana tuliambiwa kwamba asipopatikana wa kumrithi kabla hajastaafu, boti itahamishiwa Mbita, iwe inakuja ikipigiwa simu. Sisi wa wodi ya wazazi tulijua maana yake: mama mwenye uchungu angesubiri safari mbili badala ya moja. Wangwe akamchagua Mourine Maroa, msaidizi wa maabara aliyekulia karibu na mpaka wa Tanzania, ambaye alipofika kisiwani alishika laifu jaketi, koti la kuelea, kwa kuogopa maji hata akiwa gatini. Tulicheka. Wangwe hakucheka, alimfundisha miezi kumi.

Mwezi uliopita, alasiri yenye mawimbi ya kutusukuma kutoka nyuma, tulimvusha mama mjamzito, Dolphine, mtoto wake akiwa amekaa vibaya tumboni. Injini ilikuwa mikononi mwa Mourine. Wangwe, ili asiingilie, alienda kuketi mbele kabisa na kukalia mikono yake. Katikati ya maji pua ilianza kuchimba mawimbi. Mourine alizima injini, nami nikaogopa kweli. Akaiinua, akasogeza pini nje tundu moja, akaiwasha. Pua ikawa bado nzito. Basi akamwambia kwa heshima zote: "Mzee, rudi nyuma kidogo. Ni wewe unatuzamisha."

Mzee Wangwe, aliyehamisha kisiwa kizima kwa miaka ishirini na minane, alinyanyuka akarudi nyuma. Boti ikatulia, ikashika mwendo. Dolphine alijifungua salama Mbita, na msichana wake anaitwa Mourine.

Boti inabaki Mfangano.

Erokamano, asante sana, Mzee Wangwe, kwa kila mama uliyemfikisha. Nenda ukapumzike na mkeo Mama Pauline na mihogo yenu, afya iwe tele na upepo uwe wa upande wenu. Siku ukihitaji kuvuka, njoo tu. Mourine atakuonyesha pa kuketi.

Linet Ochieng, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako