Ushauri Nasaha wa Zuberi

Benchi letu liko Al Mansoura, mtaa mmoja wa Doha, mbele ya duka la fundi nguo ambalo Ijumaa halifunguliwi mpaka alasiri. Mguu mmoja wa benchi ni tofali, na anayekaa upande huo huambiwa asicheke sana. Kahawa naileta mimi kwenye chupa, pamoja na vikombe vitano. Katikati hukaa Hamza wa Tanga, tunayemwita Daktari kwa sababu anaendesha gari la kusambaza dawa na amesoma maboksi mengi kuliko sisi. Kulia kwake ni Marvin, Mkenya, jina lake hapa Mudiri, yaani bosi, na hajawahi kumsimamia hata paka. Upande wa tofali ni wa Zuberi, mlinzi mwenzangu. Geti tunalinda moja na chumba tunalala kimoja. Tangu mama yake afariki Ramadhani iliyopita amekuwa mtu wa kuitikia tu, lakini Ijumaa hiyo ndiye aliyeanza.

— Jumapili nina miadi, alisema. Nimepangiwa ushauri nasaha.

Mudiri alikuwa anapeleka kikombe mdomoni, akakirudisha. Kwa mtu aliyekulia kwetu maneno hayo mawili yana maana moja: kibao cha zahanati, chumba kidogo, muuguzi mwenye sauti laini anayekuuliza kama uko tayari kupokea majibu, halafu kidole kinatobolewa. Na hapa Doha sote tulipimwa damu tulipoingia, na kila mmoja ana kisa chake cha mtu aliyefeli akasindikizwa uwanja wa ndege na begi la mkononi. Daktari alikisogeza kikombe chake mbali na cha Zuberi, akidhani hatukumwona.

— Umeshaanza dawa? akamuuliza.

— Dawa za nini?

— Za hiyo kitu, buda, alisema Mudiri kwa sauti ya msibani. Siku hizi wasee wanaishi nayo poa tu. Shida ni hapa, watakupandisha ndege.

Ilimchukua muda Zuberi kuelewa ametuhumiwa nini. Akatoa simu, akatuonyesha ujumbe wa kliniki. Miadi ilikuwa ya mtaalamu wa saikolojia, mtu wa kukaa naye na kuzungumza, na neno la Kiswahili alilolijua kwa jambo hilo ni lile lile la kwenye kibao. Damu yake ni salama. Ila usiku halali, chakula hali, na ameona amtafute mwenye kazi hiyo. Ujumbe ulimtaka abonyeze moja kuthibitisha au mbili kufuta, mwisho saa kumi alasiri ile. Alichotaka kwetu ni kujua tu mtu ajiandae vipi kabla ya kwenda.

Nilidhani tutapumua. Badala yake tulishtuka upya, tena vibaya zaidi.

— Kwa hiyo ni kichwa, alisema Daktari taratibu. Bora hata ingekuwa damu.

Hapo wajuzi wa benchi wakafunguka. Daktari alieleza kwamba unalazwa kwenye kochi, unamulikwa taa fulani machoni, unasema kila kitu bila kujijua mpaka namba ya siri ya simu, na daftari likijaa linapelekwa kwa kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini. Mudiri akasema daftari ni mambo ya kizamani, siku hizi inaingia moja kwa moja kwenye kitambulisho. Kuna jamaa wa Al Rayyan alikiingiza chake kwenye mashine, ikagoma, ikaandika neno moja tu la Kiarabu: majnuni, yaani kichaa. Zuberi aliuliza nani alimsomea huyo jamaa. Mudiri akajibu hayo si ya kuuliza.

— Halafu lugha, Mudiri akaendelea. Wewe na huyo mtu hamtaskizana, watakuletea msee wa kutafsiri. Na msee wa Kiswahili Doha hii ni nani, kama si mtu tunamjua? Unalia kwake asubuhi, jioni stori iko hapa kwa benchi.

Hilo lilimwingia Zuberi. Kidole gumba kikaelekea kwenye namba mbili. Na mimi, nisiwafiche, sikumzuia. Nilimwambia kile kile nilichomwambia siku ya tatu ya msiba, kwamba ajikaze.

Ndipo akatokea Proscovia, Mganda, mfanyakazi wa ndani, ambaye kila Ijumaa akitoka kanisani Mesaimeer hupitia kwetu kunywa kikombe cha tano. Mudiri akamweleza yote kwa mkupuo, pamoja na mashine ya Al Rayyan.

— Mimi naendaga, alisema Proscovia. Mwaka wa pili sasa.

Benchi lilitikisika kwenye tofali lake. Huyu ndiye tuliyemhesabu kuwa mzima kuliko sisi wote. Yeye akavuta ndoo, akakaa, akamgeukia Zuberi peke yake.

— Ukifika, uliza kibali chake cha kazi, wanaonyeshaga bila hasira. Uliza siri yako inakaa wapi. Mimi aliniambia hasemi kwa madamu wala kwa mtu, isipokuwa nikisema nataka kujiua ama kuua mtu, hapo ataita msaada. Nikajua mpaka wake. Mtafsiri ukimjua, kataa, walete mwingine. Na usifikiri siku ya kwanza unapona. Mimi wa kwanza tulishindwana, nikabadilisha.

Daktari aliuliza habari za kochi. Akaambiwa kuna viti viwili na boksi la tishu.

— Siku ya kwanza atakuuliza ni nini kimekuleta. Hiyo ndiyo uende unaijua. Halafu akatutazama sisi, akaongeza: Nyinyi mnakaa na yeye. Ni nini kinamsumbua?

— Mama yake alifariki, nikasema.

— Hiyo naijua. Nauliza yeye kinamsumbua nini.

Mudiri anajua timu ya Zuberi. Daktari anajua kwamba Zuberi hali nyama ya mbuzi. Mimi nalala kitanda cha juu yake.

— Siku ya maziko nilikuwa getini, Zuberi alisema mwenyewe. Mdogo wangu alinipigia kwa video nione. Nikazima simu kabla hawajamshusha. Kila nikifumba macho najiona naizima.

— Kwa nini ulizima? akauliza Proscovia.

— Niliambiwa supavaiza anakuja.

— Nani alikuambia?

Zuberi alitazama kikombe chake.

— Sikumbuki.

Anakumbuka. Getini tulikuwa wawili. Niliona shati jeupe kwa mbali nikampigia mluzi, ndiyo ishara yetu ya kwamba supavaiza anakuja, na nia yangu ilikuwa njema kabisa. Aliyekuja alikuwa mtu wa kuleta maji. Zuberi alimwona vilevile, akajaribu kupiga tena, na mtandao wa kule ulikuwa umeshakatika. Hatujawahi kulizungumza.

Zuberi alibonyeza moja. Simu ikalia kidogo kukubali. Proscovia alikuwa bado anangoja kujua nani aliyemwambia, anatupitia mmoja mmoja kwa macho, na alikuwa ameshamaliza kwa Daktari na Mudiri. Nikasimama, nikasema kahawa imekwisha, jamani, tutawanyike. Chupa niliibeba kwa kuikumbatia isisikike, maana ilikuwa bado nusu.