Yustina Likwata na Kengele ya Martina

Marehemu Yustina Likwata alizaliwa tarehe 9 Machi 1940 huko Newala, mtoto wa tatu wa Mzee Alfonsi Likwata na Bibi Apolonia. Kabla hajafariki aliagiza wasifu wake usirembwe. "Mkinisoma kama malaika," alisema, "nitaamka niwasahihishe mbele ya wageni." Kwa hiyo kinachosomwa hapa leo ndicho alichotaka kisomwe, na majina ni yale aliyoyataja mwenyewe.

Alisoma shule ya misheni ya wasichana hadi darasa la nne, mwaka 1953. Alipenda somo la dini kuliko yote. Siku moja sista aliyewafundisha alieleza kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu, kwamba mtu huupokea kwa kuamini, na kwamba zawadi hiyo ni ya watu wote. Yustina akanyoosha mkono.

"Wote, Sista? Hata aliyeniibia sabuni?"

"Hata huyo, akiamini."

Yustina alinuna mpaka siku ya pili. Aliliamini fundisho hilo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuficha kwamba kipande hicho cha sabuni kilimkaa kooni.

Mwaka 1959 alikwenda Lindi kuishi kwa kaka yake, na huko akakutana na Haruna, kijana wa Kimatumbi kutoka Miteja aliyekuwa amekuja na mzigo wa korosho. Walifunga ndoa bomani tarehe 2 Julai 1960, wakahamia hapa Miteja. Haruna alikuwa Mwislamu na amebaki Mwislamu. Yustina alikuwa Mkristo na amekufa Mkristo. Jumapili mvua ikinyesha, Haruna alimsindikiza mkewe hadi mlangoni mwa kanisa akimshikia mwavuli, kisha akarudi shambani. Watu walipomcheka aliwajibu, "Namsindikiza mke wangu. Kwani nyinyi wenu mnawaacha walowe?"

Katekista wa kigango chetu alikuwa Mzee Erasmo, ambaye yupo hapa kati yetu. Wakati huohuo alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, enzi zile sukari, sabuni na vitambaa vilipatikana kwa kibali. Alizoea kutoa na kunyima kwa mkono uleule. Kwa kuwa ndoa ya Yustina haikufungwa kanisani, alimkalisha benchi la nyuma, na hakumwita kwa jina la mtoto wake yeyote, kama wanavyoitwa akina mama. Alimwita "mke wa Haruna." Hayo Yustina aliyavumilia.

Kitinda mimba wake, Martina, alizaliwa mwaka 1981. Yustina aliomba mtoto abatizwe. Katekista alisema mama kwanza atengeneze ndoa yake. Akaomba tena, akajibiwa vilevile. Tarehe 22 Novemba 1983 Martina alifariki kwa surua. Dukani hapakuwa na kitambaa cha sanda, hivyo Haruna alikata kanzu yake ya Idi. Yustina alimtuma mtu kwa Katekista kuomba kengele ipigwe na sala isomwe, kama ilivyo desturi akifa mtu wa kigango. Jibu likarudi: "Huyo mtoto si wetu. Nani ampigie?"

Martina alizikwa hapa shambani, chini ya mikorosho, na ndugu wa Haruna. Yustina alisimama akiwa ameelekea upande wa kanisa. Kaburi lilijazwa, watu wakanawa mikono, wakaondoka, naye bado amesimama anasikiliza. Haruna alipomshika bega, alisema neno moja tu: "Atapiga."

Biashara ilipofunguliwa, Yustina alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Miteja kwenda Dar es Salaam kufuata mitumba. Kuanzia mwaka 1986 alipanda malori, akavuka Rufiji kwa pantoni, akarudi na robota lake la nguo na kulifungua sokoni Kilwa Kivinje. Alikuwa na mdomo wa kuuza. "Njoo ujaribu koti hili, baba," aliwaambia wavuvi. "Ukilivaa, hata mama mkwe atakuamkia shikamoo!"

Hakuchagua mteja, isipokuwa mmoja. Mwaka askofu alipotangaza kuja, Katekista Erasmo alifika mezani kwake kutafuta shati jeupe. Mashati meupe yalikuwa yamerundikana palepale.

"Mashati yapo, Katekista," alisema Yustina, "lakini ya benchi la mbele yamekwisha. Haya yote ni ya benchi la nyuma."

Soko zima lilicheka. Askofu alipokelewa na katekista mwenye kola iliyochanika, na Yustina, kutoka kwenye benchi lake, aliimba siku hiyo kuliko wanakwaya.

Mwaka 1990 rimu ya gari iliyotumika kama kengele ya kigango ilipasuka. Yustina alinunua Dar es Salaam kengele ya shaba na kuileta Jumapili ya Matawi. Aliisimamisha mbele ya altare, akatoa masharti yake mbele ya padri aliyekuja kusalisha: kengele itapigiwa kila nyumba itakayofiwa na kuomba, marehemu awe amebatizwa au hajabatizwa, ameolewa kanisani au bomani, na atakayeipiga ni Katekista Erasmo kwa mkono wake.

Katekista alisimama. "Padri, kuna utaratibu. Hatuwezi kumpigia kila mtu."

"Sukari yenyewe siku hizi haina kibali, Katekista," alisema Yustina. "Wokovu ndio ubaki na kibali?"

Padri alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema kwamba mama huyu amekwisha kuhubiri, yeye ataongeza nini? Kengele ikatundikwa mchana uleule.

"Nampigia nani kwanza?" aliuliza Katekista.

"Martina Haruna."

Alivuta kamba kidogo tu. Yustina alitega sikio.

"Haijafika shambani. Piga tena."

Akapiga tena.

"Haijafika."

Alipiga hadi shati likamganda mgongoni na watu wakaacha kucheka. Yustina hakumhurumia, na aliagiza jambo hilo lisemwe wazi. Tangu siku hiyo Mzee Erasmo amewapigia watu wengi ambao zamani asingewapigia, na kila alipopiga, Yustina aliacha kazi yake, akasikiliza kwa raha.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa Lindi, akarejea nyumbani mwezi Juni mwaka huu. Mzee Erasmo alikuja kumwona. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Martina, nisamehe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Yustina alimjibu: "Mimi nimeamini, nitaokoka. Na wewe ukiamini utaokoka, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini mlango ungekuwa wangu, Erasmo, ningekuacha nje. Shukuru si wangu."

Kisha akamwambia binti yake ampe mgeni chai.

Alifariki Ijumaa tarehe 16 Agosti 1996, alfajiri, Haruna akiwa pembeni yake. Kigango kilimtolea nafasi katika makaburi ya kanisa, karibu na mlango mkubwa. Aliikataa mapema. Alitaka kulala hapa, ubavuni mwa mtoto wake.

Ameacha mume, Mzee Haruna. Watoto wawili, Rosemary na Sauda. Dada yake, Benadetha. Na wajukuu saba. Anamfuata Martina.

Usomaji huu ukiisha, Mzee Erasmo ataondoka kwenda kanisani kupiga kengele, kwa mkono wake, kama marehemu alivyoagiza. Jeneza halitashushwa mpaka tuisikie hapa. Isipofika, kijana wa baiskeli atapelekwa kumwambia apige tena.

Bwana, mlango ni wako. Mpokee Yustina, umpumzishe kwa amani pamoja na Martina wake.