Mkate wa Profesa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la fundi cherehani, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Birika nilirithi kwa mjomba wangu, pamoja na wateja wake watatu, na mpaka leo sijui kipi kinanichosha zaidi. Kuna Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili. Alikuwa mhudumu mahakamani, akabeba mafaili mpaka maneno ya mafaili yakamkaa mdomoni. Kuna Gia, dereva wa malori mstaafu. Na kuna Sentimita, fundi mwenyewe, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akinywa kahawa. Asubuhi hiyo mtu alikuwa anapaka rangi mlango wa duka lililo mkabala nasi, duka ambalo mimi sijawahi kuliona wazi. Wenzangu walilijua vizuri. Zamani rafiki yao alikuwa akioka mikate mle, kabla hajaenda kuwa profesa wa biashara chuo kikuu.

Gia: Jamani, duka la Hasara linapakwa rangi.

Mimi: Hasara ndiye nani?

Gia: Ndiye Profesa wetu. Siku aliyofunga duka tulimbatiza hivyo, hapa hapa.

Sentimita: Akacheka sana.

Wakili: Alicheka siku ile. Kesho yake hakuja, na ndiyo imekuwa hivyo mpaka leo.

Wote watatu wakatazama mwisho wa benchi, upande wa ukutani. Pale hakai mtu. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya ule msumari uliochomoza.

Mimi: Sasa mtu duka limemfia mkononi, anafundishaje watu biashara?

Wakili: Wewe kijana hujui taratibu. Mahakamani huwezi kusema kulikuwa na kisu bila kuleta kisu. Chuo kilikuwa na vitabu vingi kuhusu hasara, lakini hasara yenyewe hawana. Wakamchukua yeye kama kielelezo.

Gia: Hebu acha. Yule alikuwa ametumwa.

Mimi: Na nani?

Gia: Fuatilia safari yake. Alianza kama karani wa stoo, kiwanda cha sabuni. Akaacha. Akauza bima mlango kwa mlango. Akaacha. Akawa msaidizi wa meneja hotelini, na tai yake shingoni. Akaacha. Akaja kuoka mikate. Mtu mwenye akili zake haachi kazi zote hizo hivi hivi. Kila anakopita anachota siri, mwisho kaenda kuzimwaga chuoni, wakampa uprofesa.

Mimi: Sabuni ina siri gani?

Gia: Ungeijua ingeitwa siri?

Sentimita: Nyote mnabahatisha. Ni lile tanuri.

Wakili: Tanuri limefanya nini?

Sentimita: Limempanua ubongo. Joto la kila siku, mtu kainamia moto, ubongo unalainika, ukilainika unatanuka. Nina ushahidi. Kofia alipofungua duka nilimshonea mimi. Alipofunga ilikuwa haimwingii.

Wakili: Kofia ilirudi ilipofuliwa. Hata mimi uliyonishonea ilirudi.

Sentimita: Yako ilirudi. Ya kwake kichwa ndicho kilichokua.

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu kofia yangu pia alishona yeye. Lakini kicheko hakikufika mbali, na Wakili akawa anaizungusha kahawa yake kikombeni bila kuinywa.

Wakili: Alirudi darasani na mvi zake. Akakaa dawati moja na watoto wa rika la wapwa zangu. Nilimwona siku moja barabarani na mkoba wa shule, nikamwambia, Hasara, umepewa kazi ya nyumbani? Akasema ndiyo, tena nyingi.

Mimi: Halafu?

Wakili: Halafu akapita. Kumbe alipomaliza walimpa vipindi vya jioni ambavyo walimu wengine hawavitaki. Akavishika hivyo hivyo mpaka wakamwona.

Sentimita: Siku ya kusherehekea uprofesa wake alimtuma mtu atualike.

Gia: Mimi nilikuwa safarini.

Sentimita: Wewe ulikuwa umeshastaafu.

Gia: Basi na wewe ulikuwa wapi?

Sentimita: Nilikuwa na suruali za watu za kumalizia. Nilisema nitamwendea siku nyingine.

Wakili: Nakosa mazungumzo yake. Mimi nasema wazi, nayakosa. Yule ukimpa hoja ya kijinga anakusikiliza mpaka mwisho.

Niliwaongezea kahawa bila kuombwa. Sikuwazoea wakiwa wapole hivyo, na nilitaka wagombane tena.

Mimi: Lakini duka lilikufa kwa nini?

Gia: Mkate ulikuwa mgumu. Mtu analipia mkate, siyo tofali.

Sentimita: Mgumu? Ulikuwa laini mno, ukiushika unapukutika.

Wakili: Tatizo lilikuwa chumvi.

Gia: Chumvi hapana. Mimi nilikuwa nasimama naye pale kizingitini kila asubuhi, nimetoka dukani barabara kuu na mkate wangu kwapani, tunapiga soga mpaka nachelewa kazini. Mtu mzuri sana. Lakini mkate, mgumu.

Aliyekuwa akipaka rangi aliweka brashi juu ya mkebe, akavuka kuja kwetu. Tulidhani ni fundi wa kukodiwa. Alikuwa mwanamke anayekaribia umri wa makamo, kajifunga kitambaa kichwani, rangi imemfika kwenye viwiko. Akatuamkia wote kwa heshima, hata mimi ambaye ni mdogo kwake.

Binti: Baba zangu, mimi ni mtoto wa Profesa. Nimelikodi duka la baba. Nataka kuoka.

Gia akameza kahawa vibaya. Wakili akasimama kumpisha, naye akakataa kwa upole akabaki amesimama.

Sentimita: Mwanangu, karibu sana. Mzee hajambo?

Binti: Hajambo. Anastaafu mwezi huu. Tangu mama atutoke hatoki nyumbani ila kwenda kufundisha, na sasa hata kufundisha kunakwisha. Nataka siku ya kufungua aje, nimpe mkate wake mwenyewe, ule wa zamani. Nikimpata akakaa hata hapa kwenu asubuhi moja, nitakuwa nimemrudisha kwa watu.

Wakili: Sisi tunamsubiri hata leo.

Binti: Ndiyo maana nimekuja kwenu. Nilikuwa mdogo, siukumbuki. Yeye nikimuuliza anasema aliuoka tu, walioula ndio wanaoujua, nije kijiweni. Mkate wa baba ulikuwaje?

Gia akamtazama Sentimita. Sentimita akamtazama Wakili.

Gia: Ulikuwa mzuri.

Binti: Mzuri vipi? Mgumu kidogo, laini? Alikuwa anatia sukari?

Gia: Hapo muulize Sentimita. Yeye mlango wake ulitazamana na wa duka.

Sentimita: Mimi nyumbani mke wangu alikuwa na mtu wake wa mkate. Nilijua Wakili ndiye anayenunua.

Wakili: Mimi nilijua Gia.

Binti akatabasamu, akidhani wanamtania.

Binti: Lakini baba anatuhadithia kila siku. Anasema mkate wa kwanza kutoka tanurini ulikuwa wa marafiki zake wa benchini. Mnavuka barabara, mnaumega ukiwa wa moto, mnaanza kumkosoa. Anasema bila nyinyi asingelishika lile duka hata mwezi. Sisi nyumbani tumekua tukiwapenda bila kuwajua.

Mle dukani aliyekuwa akisimama nyuma ya meza ni Profesa mwenyewe. Alijua nani alivuka barabara na nani hakuvuka. Aliuona mkate wa Gia kwapani kila asubuhi, akausalimia pamoja na mwenye mkate. Kisha akarudi kwa wanawe akawapa hadithi nyingine, akatuweka sisi pazuri. Nasema sisi, ingawa wakati huo mimi sikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimekaa nao na niliona aibu yao kama yangu.

Sentimita akauvua utepe shingoni, akaukunja taratibu, akautia mfukoni.

Sentimita: Hatukuula, mwanangu.

Binti: Hata mara moja?

Sentimita: Hata mara moja.

Alisimama akiitazama mikono yake yenye rangi. Sikuona hasira usoni pake, na nadhani hasira ingetufaa zaidi.

Binti: Sasa baba nikamwambie nini?

Alingoja jibu, kweli alingoja. Kisha akatuaga kwa heshima ile ile, akavuka barabara, akaokota brashi yake, akaendelea na mlango alipoishia.

Wakili akaninyooshea kikombe bila kunitazama.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado zito mkononi mwangu.