Kichwa Kina Kofia

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu aliketi mkata miti. Mapajani alipakata kofia ngumu ya manjano yenye ufa kutoka utosini hadi ukingoni. Mama aliyekaa kando yake aliitazama vituo viwili vizima, kisha uzalendo ukamshinda.

"Samahani kaka, hiyo si imeshakufa? Mbona huitupi?"

"Imekufa badala yangu, dada." Akasimulia kwamba juzi, mti ukianza kulala, tawi kavu lilichomoka juu likamwangukia kichwani. Alizinduka akiuliza msumeno uko wapi. "Naipeleka kwa bosi anipe mpya. Bila kofia sigusi mti."

Mama akashusha pumzi. Mume wake naye hukata miti, tena kichwa wazi, eti kofia inamtia joto. "Nimesema hadi mate yamenikauka. Ananijibu ajali haina kinga."

"Ajali haina kinga, lakini kichwa kina kofia."

Nilicheka, ingawa hakuna aliyenialika.

"Mlete kesho pale nyuma ya shule," mkata miti akaendelea. "Tunatafuta mtu wa msumeno."

"Haji. Yule ni jiwe."

"Mwambie kuna kazi tu. Mengine niachie."

"Nimdanganye mume wangu?"

"Kazi ipo kweli, dada! Ila asiyevaa haingii."

"Haji, nakwambia."

Basi likasimama. Mama akashuka akitikisa kichwa, akapiga hatua tatu, akarudi kugonga dirisha.

"Mnaanza saa ngapi?"