Sweta Mbili za Kanada

Ndani ya lori kutoka Lodwar, mwaka wa tisini na saba, mama mmoja kijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma alikuwa amemvika mtoto wake sweta mbili na kofia ya sufu. Mimi, kwa joto lile, nilitamani kuvua hata shati. Apua, muuza samaki tunayemjua sote kwa mdomo wake, akashindwa kunyamaza.

"Mama, unapika mtoto?"

"Tunaenda Kanada Jumatatu. Huko baridi inaua. Lazima azoee."

Apua akapitisha vidole nyuma ya shingo ya mtoto. "Amelowa. Unaangalia hapa. Kukiwa na jasho, toa nguo moja."

"Na nikikosea?"

"Utauliza majirani."

"Huko sijui mtu hata mmoja."

Lori likasimama Kakuma mjini, kabla ya kufika kambini. Wengine tukashuka, tukawaacha mama na Apua wamekaa, vidole vya Apua vikiwa bado pale shingoni.