Musuko ya Tatu

Rachidi, ambia watoto wapunguze hiyo radio, kisha uingie na wewe, ukae chini, usiniangalie na hayo macho ya mutu wa douane mwenye anapekua mizigo. Nadège, acha sahani, maji itakungojea, kuya hapa. Karima, wewe panda hapa nyuma yangu kwa kitanda, shika kichanuo, fungua nywele zangu. Zote. Namna ya kuzisuka nitakuambia, lakini kwanza fungua. Na muniache niseme mupaka mwisho, wanangu, sababu pumzi iko kidogo, mukinikata-kata itaisha kwa vitu vya bure.

Mulimusikia docteur. Alizunguka-zunguka kama mutu wa pikipiki mwenye anatafuta fasi ya kusimama, lakini nilimusikia vizuri: moyo imechoka. Bon. Imetumika miaka yote hii bila congé, bila siku ya kupumuzika, iko na haki. Musilie. Mutalia saa yake ikifika, sasa nataka masikio.

Tuanze na vitu, sababu vitu ndiyo vinafanya ndugu wasisalimiane kwa njia. Hii nyumba marehemu papa yenu aliijenga, ni ya nyinyi watatu, wewe Rachidi, wewe Karima, na Daudi mwenye iko Kinshasa, kila mutu na haki yake namna dini inasema, shehe anajua kugawanya, na hakuna mutu atauzisha hata mulango. Mashini ya kushona ni ya Nadège. Usikunje uso, Rachidi. Bibi yako ni mukristo, najua, nimeona anaenda misa kila siku ya Mungu, na watu wa musikiti wananiuliza, Mama Ramla, mukwe wako atasilimu lini, ninawajibu, mumuulize Mungu, mimi sina namba yake ya telefone. Mirathi ni mirathi, siigusi. Lakini mashini ninamupa leo, niko muzima, ni zawadi, naye Nadège aishike leo mbele yenu, aipeleke kwa chumba yake. Enda, mama, ipeleke, nitakungojea.

Anaona haya. Muone anavyoibeba, kama mutoto mwenye amelala.

Kipande cha lopango, hiki kiwanja chenye munagombania na tonton yenu Mahmoudi, mukiache. Ndiyo, alisogeza fensi, nilimuona na macho yangu, alingoja papa yenu afariki, akaisogeza asubuhi mapema, anaimba kabisa. Nilikasirika sana. Nilipita mbele yake kwa soko kama napita mbele ya poto ya umeme. Lakini juzi nilimuita, akakuja, tukakunywa chai, hakusema fensi, mimi sikusema fensi, akanikumbusha namna papa yenu alianguka na toleka, baiskeli ile ya kubeba watu, ndani ya mutaro na suti ya Idi, tukacheka mupaka nikakosa pumzi, Karima akakimbia na dawa. Alors? Ile fasi mbuzi hawezi hata kugeuka. Muwachie. Sikutaka hiyo hasira nilale nayo chini ya udongo.

Uko unafungua, Karima? Usivute. Kichwa ni ya mutu.

Sasa maziko. Rachidi, nilisikia uko unapanga na Daudi kwa telefone: kwanza morgue, kwa frigo ya maiti, halafu kungoja yeye apate ndege, halafu matanga na turubai na viti na mashati ya polo zenye sura yangu. Hapana. Sitaki sura yangu kwa tumbo ya watu wenye wanakunywa bière ya bure. Sitaki frigo. Wewe unatumika Bangboka, kwa uwanja wa ndege, unabeba mizigo kule, unajua ndege namna inaahidi na namna inafika. Nikifariki asubuhi munizike mbele ya jua kuingia, nikifariki mangaribi munizike kesho yake asubuhi, Daudi atakuja kwa kaburi, kaburi haihami. Nimeisha kumuambia mwenyewe, jana, alilia, nikamungojea amalize, akasema sawa mama. Donc hiyo imekwisha.

Kinabakia kitu kimoja, na ndiyo juu yake nimewaita.

Munajua kazi yangu. Mutaa yote inaijua, Tshopo, Mangobo, Kabondo, mupaka kambi ya Kapalata bibi za askari wananijua: mwanamuke Muislamu akifariki, wanatuma mutu kwa Mama Ramla, aje kuosha. Lakini hamukuniuliza hata siku moja nani alinipa hii kazi. Munadhani niliota. Siku hizi watu wanapenda kuota, wanalala kwa église wanangoja vision, wengine wa kwetu pia wanangoja ishara, wanasema Mungu akiniita nitasikia. Mimi sikusikia kitu kutoka juu. Kutoka juu kulikuwa mabomu tu.

Ilikuwa ile vita ya hapa kwetu Kisangani, majeshi mbili ya wageni wanapigana ndani ya muji. Karima, ulikuwa mutoto mudogo, Rachidi alikuwa mugongoni. Nilikuwa na rafiki, Leila, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamuke wa kucheka sana. Nilikuwa namusuka kwa baraza, mèche ndefu, zile nywele za kuongeza, upande wa kuume umeisha, ule mwingine bado, masasi ya bunduki ikaanza kulia kule kwa daraja. Akasimama na kichwa nusu, akafunga kitambaa, akaniambia, dada Ramla, huku ninakuwa Miss Kisangani na huku kichaa, tutamaliza kesho. Akaingia kwake anacheka.

Kesho yake bomu ilianguka kwa jikoni yake.

Bwana yake alikuwa ameenda Bengamisa, kule kwa mashamba, njia imefungwa. Sisi majirani tukamutosha ndani ya jikoni, tukamulaza hapa, kwa hii sebule, na pazia, na tukaanza kungoja. Tulikuwa tunangoja nani? Bi Madina. Yeye ndiye alikuwa anaosha wanawake wakati ule, lakini aliishi Lubunga, ng'ambo ya mto, na hakuna pirogue moja ilikuwa inavuka. Wote tulijua haivuki. Na tukangoja. Mwanamuke wa kwanza anasema Bi Madina atatafuta njia, wa pili anasema tumuite bibi ya shehe, wa tatu anasema mimi niko na mimba, wa ine anasema mimi ninaogopa damu. Joto ile. Na wote tulikuwa tumesoma madrasa, wote tunajua vile walitufundisha: kuosha maiti, mumoja akifanya, imetosha kwa wote, na kama hakuna mwenye kufanya, zambi ni ya mutaa muzima. Sisi tulishika nusu ya kwanza. Mumoja akifanya. Kila mutu alikuwa anaangalia mulango, yule mumoja ataingia lini.

Mimi pia nilikuwa naangalia mulango. Kisha nikaangalia pazia, na nikakumbuka zile nywele. Ule upande bado. Nikasema ndani yangu, Bi Madina hata akivuka leo, hiki kichwa hakijui. Ni mimi nilikianza. Hiyo tu, wanangu. Hakuna nuru, hakuna sauti. Ilikuwa kama mutu ameniita na jina yangu, siyo jina ya mwingine, na nikaitika. Nikasema naam, na midomo kabisa, wale wanawake wakageuka wananiangalia, nani amekuita? Nikasema, mupashe maji moto kidogo.

Sikujua kazi. Nilijua ile nilisikia kwa wakubwa, kuanza na upande wa kuume, maji isichome, usifunue mutu aibu yake, usiseme inje kile umeona. Nilifungua mèche zote, moja moja. Nikaosha. Na mwishoni nikamusuka tatu, namna mwanamuke wetu anasukwa akiisha kuoshwa, misuko tatu, unazipeleka nyuma. Mbili za kwanza nilizisuka, nikazifungua, nikazirudia. Ya tatu sikuirudia.

Tangu ile siku hodi haikukatika. Musidhani nilikuwa malaika. Siku ingine niko natwanga lituma kwa kinu, ndizi iko na moto, nimekunja pagne, mutu anapiga hodi, Mama Ramla, kuko maiti Mangobo, ninasema moyoni, na nyinyi mufe kesho basi! Lakini mudomo inaitika. Ninanawa mikono, ninapanda toleka, ninaenda. Na nimeona. Nimekuta mwanamuke na hina ya arusi haijakauka. Nimekuta mwingine na fufu kwa kucha. Mumoja alificha sukari mbali na watoto, funguo ya kabati ilikuwa bado imefungwa kwa kiuno chake. Hakuna hata mumoja nilimukuta amemaliza. Wote walikuwa na kesho.

Ndiyo maana munaniona nikiamka fajiri ninasali, kisha ninakaa kidogo, ninajiuliza, leo naitwa wapi? Siyo kila siku ni maiti. Siku ingine ni jirani hana chumvi. Siku ingine ni Mahmoudi na fensi yake. Unafanya ile ya leo, unalala.

Karima. Umeacha kuchana.

Endelea kuchana, mutoto yangu, sikugombezi. Nilikusikia jana na Rachidi nyuma ya ukuta, moyo imechoka lakini masikio bado. Ulisema, mama akienda tutaita wale wamama wa Mangobo. Ni wanawake wazuri, nimewafundisha mimi mwenyewe, wataosha vizuri. Na ninajua woga yako inatoka wapi. Ile siku ya Leila ulikuwa chini ya kitanda, uliona miguu yake chini ya pazia, tangu pale ukiona sanda unakimbia. Sijakucheka hata siku moja.

Lakini niambie. Kila mwaka unaniambia, mama, nitajifunza, nikitoka Bengamisa. Swala nitashika vizuri, nikitoka Bengamisa. Unaenda, unaleta ndizi, unaleta majani ya pondu, unauzisha, unarudi kule. Hiyo Bengamisa inaisha siku gani? Nadège anaenda kwa Mungu wake kila juma na mvua na matope, wewe unangoja camion ya mizigo.

Sikulazimishi. Sikia vizuri, na Rachidi usikie, usimulazimishe nikiisha kuenda. Ukiniosha sababu mimi nimesema, umeniitikia mimi, na mimi ninaenda, maiti wa pili hautamugusa. Mungu akikuita ni wewe anaita. Rachidi hawezi kuitika pahali pako, yeye mwanaume ataosha wanaume. Nadège atapasha maji, hiyo hakuna mutu atamukataza, na akikataza mutu mumuambie mimi nilisema. Mimi mwenyewe siwezi kuitika juu yako, hata nikitaka, na ninataka, Mungu anajua.

Sasa ninakuambia wazi, sipendi kufanyia mutu hila. Unajua tunafanya nini na hizi nywele. Ulijua tangu niliposema fungua zote. Kama hautaki, tosha mikono kwa nywele, shuka kwa kitanda, enda ukapike, hakuna kisirani, hakuna laana, baraka yako iko palepale. Wamama wa Mangobo wako.

...

Bon.

Ninasikia kichanuo bado inatembea.

Basi gawanya tatu. Moja hapa mbele, mbili pembeni. Ndiyo. Suka ya kuume kwanza, usikaze, haiende arusi. Uko unalia, machozi inaniangukia kwa shingo, lia tu, lakini usitoshe jicho kwa kazi. Vitu viko kwa valise ya bleu chini ya kitanda, sanda, kafuri, sabuni, vitambaa vya mikono. Nilizipanga namna zinatumika, ya juu ndiyo ya kwanza. Zungumuza na maiti unapoosha, Karima. Kila mutu ananiuliza kama haiogopeshe. Wale maiti ninawaita na jina yao, ninasema sasa ninageuza mukono, sasa ninamwanga maji. Woga inapenda kimya.

Rachidi, songea. Maji, kidogo... Asante. Usipige watoto yako juu ya masomo. Daudi mukimupigia, musimufiche kitu. Adhana ya fajiri ikilia, Rachidi, amuka. Unaisikia, ninajua unaisikia, unavuta blanketi. Amuka.

Nadège, leta kichwa. Mungu akulinde kwa njia yako. Rachidi, Mungu akuongezee, akupe mugongo ya kubeba na moyo ya kupumuzika. Daudi kule mbali, amufungulie njia. Mahmoudi pia... mumuambie, nimeisha kumusamehe, aache kuimba asubuhi.

Pumzi inakuwa ndogo. Ya pili imeisha? Leta nishike. Hm. Nene kidogo. Sawa.

Usiseme ya tatu kesho. Maliza.

Utazifungua tena, unajua, saa ile. Utaosha, utasuka upya. Hakuna kitu, mikono itakuwa imeisha kujua kichwa... Kichwa unakijua sasa. Ni wewe umekianza.

Karima.

Karima?

... Ndiyo. Hivyo. Unaitika hivyo hivyo, na midomo. Isikike.

Mikono yako iko na moto muzuri.

Suka.